Mwalimu mgeni katika shule ya bweni Uganda: namna ya kusaidia hisabati

Likizo ya Juni ya shule za Tanzania inaangukia ndani ya muhula wa pili wa Uganda. Kwa hiyo mwalimu wa hisabati wa Bukoba, Muleba au Mwanza anaweza kuvuka Mutukula, akakaa kwenye shule ya bweni upande wa Masaka au Kampala majuma mawili matatu, akarudi kabla shule yake haijafunguliwa. Wengine huitwa na shule, wengine husukumwa na wazazi. Mabweni ya Uganda yana watoto wa Kitanzania, Kikenya, Kikongo na wa Sudan Kusini, na mzazi akisikia mwanawe ameanguka hesabu, wazo la kwanza ni kumpata mtu atakayemweleza kwa Kiswahili.

Mwongozo huu ni wa mwalimu huyo. Nina msimamo mmoja ambao si kila mkuu wa shule ataupenda: mgeni hana kazi ya kumaliza silabasi. Silabasi ina mwenyewe, na mwenyewe atabaki pale ukishaondoka. Kazi ya mgeni ni madaftari ya wanafunzi, hasa zile kurasa zenye mikwaju myekundu.

Kabla hujapanda basi

Pata barua ya mkuu wa shule inayotaja madarasa utakayosaidia, tarehe zako, na nani anagharimia malazi. Mpakani ukisema unakwenda kufundisha huku huna karatasi, utakalishwa. Kama kuna malipo yoyote, hata yakiitwa posho ya nauli, shule iulizie suala la kibali mapema kwa watu wa uhamiaji. Usiliache likakukute getini.

Kisha jifunze ngazi zao, maana hazilingani na zetu kama watu wanavyodhani. Msingi ni P1 hadi P7 na huishia kwenye mtihani wa PLE. Sekondari ya chini ni S1 hadi S4, mtihani wake UCE. S5 na S6 huishia kwenye UACE. Yote mitatu husimamiwa na UNEB, Baraza la Mitihani la Uganda. Jambo la kuangalia zaidi ni mtaala mpya wa S1 hadi S4. Ulianza 2020, na kundi la kwanza likafanya UCE ya mtaala huo 2024. Asilimia 20 ya alama hutoka kwenye kazi za shuleni, asilimia 80 kwenye mtihani wa mwisho. Maswali mengi sasa huja kama kisa: mtu fulani ana tatizo, mwanafunzi atumie hisabati kumshauri. Ukienda na mazoea ya "rahisisha", "tafuta thamani ya x" peke yake, utawafundisha vizuri mtihani ambao haupo.

Mzigo uwe mwepesi. Beba karatasi za miraba, manila chache, kalamu za wino mzito, mikebe miwili ya jometri kwa ajili ya kuazimisha, na futi kamba ya fundi cherehani. Vikokotoo vya kugawa kama zawadi acha nyumbani. Ukiwapa watatu, darasa zima litajua kufikia chakula cha jioni.

Siku ya kwanza mtafute mkuu wa taaluma

Wao humwita DOS (Director of Studies), na kwenye shule nyingi za bweni ndiye mwenye ratiba, karatasi za mitihani na funguo za madarasa. Mkuu wa shule atakukaribisha, lakini DOS ndiye atakayeamua kama utapata chumba. Msalimie kila unayekutana naye kuanzia mlinzi wa getini. "Gyebale ko, ssebo" kwa mwanamume na "Gyebale ko, nnyabo" kwa mwanamke vitakufungulia milango ambayo barua yako haitaifungua. Msichana akipiga magoti kukusalimu usishtuke wala usimwinue kwa mkono. Ndiyo heshima ya Kiganda. Itikia, endelea.

Halafu keti na mwalimu mwenye somo. Usimwulize amefika mada gani, mwulize ni nani wanaomsumbua, kisha mwombe karatasi za mtihani wa mwanzo wa muhula zilizosahihishwa. Shule za Uganda hupenda mitihani ya mwanzo, katikati na mwisho wa muhula, kwa hiyo karatasi zipo. Mwambie waziwazi kwamba hutashika kipindi chake asipokuomba. Nimeona mara nyingi mgeni akianza kwa kufundisha "njia rahisi zaidi" mbele ya darasa la mtu, na kuanzia hapo chai ya saa nne anakunywa peke yake.

Maswali manane, bila kikokotoo

Hata kama umepewa karatasi za zamani, toa jaribio lako fupi. Dakika thelathini zinatosha. Waambie halina alama na halitapelekwa kwa mtu yeyote, na utimize. Kwa S1 hadi S4 mimi huandika haya ubaoni:

1. 1/2 + 1/3
2. Ipi ni kubwa, 0.35 au 0.4?
3. −3 − 5, kisha (−3)²
4. 6 ÷ 1/2
5. Tafuta x: 2(x − 3) = 10
6. Tafuta x: 3x + 4 = 19
7. Viatu ni shilingi 50,000. Bei imepanda kwa asilimia 20, kisha ikashuka kwa asilimia 20. Sasa ni shilingi ngapi?
8. Vibarua 3 wanalima shamba kwa siku 8. Vibarua 6 watalilima kwa siku ngapi?

Yanaonekana ya kitoto. Mpe mwanafunzi wa S4 anayehangaika na milinganyo ya kipeo cha pili uone. Shida yake mara nyingi haiko kwenye kipeo cha pili, iko kwenye swali la tatu au la tano hapo juu, na amekuwa akiibeba tangu msingi.

Usihesabu waliopata. Panga karatasi kwa aina ya jibu la kosa. Aliyeandika 2/5 kwenye swali la kwanza anaiona sehemu kama namba mbili zilizotengana, akajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Aliyesema 0.35 ni kubwa anasoma 35 na 4. Aliyepata 8 kwenye −3 − 5 alikaririshwa kwamba hasi na hasi ni chanya, naye anaitumia kila anapoziona mbili. Aliyepata 3 kwenye swali la nne amegawa kwa 2, maana kwake "kugawa" na "nusu" vikikutana jibu lazima lipungue. Aliyepata 6.5 kwenye la tano amezidisha x peke yake na kuisahau 3 ndani ya mabano. Jibu ni 8. Wengi watasema viatu vimerudi 50,000, wakati kweli ni 48,000, kwa sababu asilimia 20 ya pili inatolewa kwenye 60,000. Na kwenye la nane utakutana na 16: vibarua wameongezeka mara mbili, basi na siku nazo mara mbili.

Sasa tenganisha kosa la haraka na kosa la imani. Kesho yake toa maswali yaleyale kwa namba tofauti. Kosa la haraka litapotea. Kosa la imani litarudi na sura ileile, na hilo ndilo lako.

Mweke mtoto aeleze kwanza

Muite mmoja mmoja, au wawili waliokosea namna moja, keti pembeni yao, useme: "Nionyeshe ulivyofika hapa." Usionyeshe usoni kama amepata au amekosa. Waulize hivyo hata waliopata, la sivyo watajifunza kwamba ukiuliza maana yake wamekosea, nao watafuta kabla hujamaliza sentensi.

Aliyeandika 2/5 usimkimbize kwenye kigawe kidogo cha shirika. Mwulize kwanza: 2/5 ni zaidi ya nusu au pungufu? Atafikiri. Akishaona ni pungufu, mwulize imekuwaje alikuwa na nusu, akaongezewa, akabaki na pungufu ya nusu. Mwache hapo akae na hilo, hata dakika mbili za kimya. Baada ya hapo ndipo ukate ukanda wa manila, uukunje vipande sita, ahesabu vitatu na viwili mwenyewe. Ukianza na ukanda kabla hajaona kwamba jibu lake haliwezekani, atakufurahisha kwa kukubali, na wiki ijayo ataandika 2/5.

Kwa desimali tumia ile futi kamba. Mita 0.35 ni sentimita 35, mita 0.4 ni sentimita 40, aweke kidole mwenyewe. Usijaribu kueleza kwa senti. Mtoto wa Uganda amekua na noti za elfu moja na elfu tano, senti hajaishika.

Mlinganyo unahitaji muda zaidi, kwa sababu hapa tatizo mara nyingi tumelileta sisi walimu. Kuna ile kanuni ya "ikivuka inabadili alama". Ni ya haraka, na kwa 3x + 4 = 19 inafanya kazi: 4 inavuka, inakuwa −4, unapata 3x = 15. Ndipo mwanafunzi anaivusha 3 nayo kwa kanuni ileile, anaandika x = 15 − 3, au x = 15 ÷ −3. Hajakosea kufuata maelekezo, ameyafuata mno. Rudi kwenye mizani ya muuza sukari sokoni: ukitoa 4 upande huu, toa 4 upande ule, ukigawa huku kwa 3, gawa na kule. Mwandikishe tendo lenyewe pembeni ya kila mstari, "toa 4 pande zote", "gawa kwa 3 pande zote", kwa siku kadhaa. Watalalamika kwamba ni kuandika kwingi. Waache walalamike. Na mwisho wa kila mlinganyo jibu lirudishwe ndani: 3 mara 5, jumlisha 4, ni 19. Mwanafunzi mwenye tabia hii hamhitaji mwalimu kujua kama amepata.

Maswali ya maneno

Mitihani yote ya hisabati Uganda ni kwa Kiingereza, na mtoto aliyesoma msingi wa serikali Tanzania anafika S1 akijua kigawe, namba tasa na kipeuo cha pili, ila hajui kwamba anavijua, maana majina yake ya Kiingereza ni mageni kwake. Mtengenezee kurasa mbili za mwisho za daftari ziwe kamusi yake: Kiswahili kushoto, Kiingereza kulia, aongeze kila anapokutana na neno. Kisha kila swali la maneno lipite hatua tatu: alisome kwa Kiingereza, alisimulie kwa Kiswahili bila kuangalia karatasi, ndipo aandike hesabu. Asipoweza kulisimulia, hakulielewa, na kumfundisha kanuni wakati huo ni kupoteza chaki.

Sentensi za kulinganisha ndizo zinazoua. "Juma ana machungwa matano pungufu ya Akello." Wengi huandika A = J − 5, kwa sababu jina la kwanza na namba vimetangulia. Dawa ni namba ya kubuni: tuseme Akello ana 20, Juma ana ngapi? Atasema 15 bila kufikiri. Umepataje? Nimetoa 5 kwenye za Akello. Basi andika hivyo hivyo: J = A − 5.

Kwa visa vya mtaala mpya tunga vya kwao. Tuseme shule ina wanafunzi 360, kila mmoja anakula posho ya gramu 300 za unga kwa siku, muhula una siku 90, gunia ni kilo 100. (Posho kule ni ugali, si ile tunayodai kwa mhasibu.) Yanunuliwe magunia mangapi? Kwa siku ni kilo 108, kwa muhula kilo 9,720, na hesabu inatoa 97.2. Hapo wengi huweka kalamu chini. Lakini hakuna duka la kukuuzia sehemu mbili za kumi za gunia, kwa hiyo ni magunia 98, na mwanafunzi anatakiwa aandike sentensi kamili ya kumshauri mtunza stoo. Sentensi hiyo ndiyo wanayoiruka.

Darasa likiwa na Waganda, Wanyankole na Waacholi pamoja na watoto wako wa Kiswahili, ubao ubaki wa Kiingereza. Kiswahili kitumie pembeni ya dawati. Ni kweli mtaala wa sasa umekifanya cha lazima S1 na S2 na wadogo wanapenda kukujaribia, lakini wazee wengi wa Buganda walikisikia zaidi kwa askari, na huwezi kujua nani kwenye chumba cha walimu bado kinamkwaruza.

Prepu ndiyo saa yako

Masomo ya binafsi ya alfajiri na ya usiku, wanayoyaita prepu, ndipo mgeni anapoonekana ana faida. Hakuna kipindi unachokiiba, mwalimu wa zamu anafurahi kupata mwenzake, na mwanafunzi ana daftari mbele yake. Chukua watano au sita kwenye kona ya darasa, dakika arobaini, kundi moja kwa usiku. Wapange kwa kosa walilonalo, usijali kidato: wa S2 na wa S4 wanaosumbuliwa na alama hasi wanaweza kukaa meza moja, ila mwulize kwanza huyo wa S4 kama hataona haya. Umeme ukikatika, na utakatika, uwe na hesabu za mdomo za kuendeleza gizani mpaka taa za sola ziwashwe.

Usiguse muda wa foleni ya chakula wala wa kuoga. Jumamosi ni kufua, na Wasabato wana ibada. Ijumaa mchana Waislamu wana swala. Jumapili alasiri huwa tupu, watoto wamechoka kukaa tu, na ndipo unapoweza kuwapa wale wanaokimbia mbele kitu cha kutafuna. Mimi huwapa ikweta, inayokatiza barabara ya Masaka na Kampala pale Kayabwe. Kampala iko kama nyuzi 0 dakika 19 kaskazini, Bukoba nyuzi 1 dakika 20 kusini. Je, ni kilomita ngapi kutoka latitudo moja hadi nyingine? Tofauti ni dakika 99, kila dakika ni maili moja ya baharini, na inatoka kama kilomita 183. Atatokea mmoja atakayeuliza kwa nini basi linakwenda mbali zaidi ya hapo. Huyo mpe karatasi ya miraba na ramani.

Watahiniwa, na wale wa sabumati

Ukifika muhula wa tatu, darasa la mtihani si la kufumua msingi tena. Fanya nao karatasi zilizopita, kwa saa, na uwazoeze kuonyesha njia, kwa sababu alama za njia hutolewa hata jibu likikosewa. P7 wana maswali 32 kwa saa mbili na nusu: sehemu ya kwanza maswali 20 ya alama 40, ya pili maswali 12 ya alama 60. Mtoto wa Kitanzania aliyehamia P6 au P7 mwangalie kwenye namba za vizio tofauti (number bases) na kile wanachokiita mfumo wa "finite", yaani hesabu za kuzunguka kama saa: katika finite 7, 5 jumlisha 4 ni 2. Huenda hajawahi kuziona, na zinajifunzika kwa jioni mbili.

Kwa S5 na S6 kila mtu atakusukumia wa hisabati kamili. Mimi ningeomba wale wa hisabati saidizi, sabumati kama wanavyoiita, wanaosoma biolojia au uchumi na wamepangiwa somo hili juu yake. Inawapa pointi moja tu, walimu hawalipi uzito, nao huliogopa kuliko masomo yao makuu.

Mipaka

Fimbo iache kwenu. Uganda ilikataza viboko shuleni kwa marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016, na hata kama utaona mtu ameshika kijiti, wewe usishike. Bwenini usiingie. Ukihitaji mwanafunzi, mtume matroni au patroni. Kikao cha mtu mmoja kifanyike mlango ukiwa wazi na wengine wakiwa wanaonekana. Simu shule nyingi zimezipiga marufuku kwa wanafunzi, kwa hiyo usitoe namba yako wala usipokee barua za kupeleka nje. Mzazi aliyekualika akitaka taarifa za mtoto wake, azipate kupitia shule.

Kukabidhi

Siku mbili kabla ya kuondoka rudia yale maswali manane kwa namba mpya. Tengeneza karatasi moja kwa kila kundi: majina, kosa walilokuwa nalo, kilichosaidia, na bado nani. Usiandike "amejitahidi". Andika "bado anasema 0.35 ni kubwa, anaelewa kwa futi kamba, si kwa maandishi". Nakala moja mpe mwalimu mwenye somo mkononi, nyingine DOS. Mikebe ya jometri na futi kamba viachie chumba cha walimu kwa jina la idara ya hisabati, na uombe mtu asaini daftari la stoo. Kisha muulize mwalimu mwenye somo kama angependa urudi muhula wa tatu, na ni kidato gani. Akitaja kidato papo hapo, weka tarehe naye kabla hujaenda kumuaga mkuu wa shule.